Duka Si Bidhaa Peke Yake

Askari anapokaribia kustaafu, aghalabu nyumbani huzuka shauri moja: tufungue duka. Kwetu Kisugu, chini ya kilima cha Muyenga, shauri hilo limekwisha kuzuka, kwani mume wangu yu karibu kuvua sare ya polisi. Yeye hupiga hesabu ya kodi ya chumba, mbao za rafu na magunia ya sukari. Mimi, niliyefanya kazi miaka sita katika duka kubwa la mjini, humwambia kwamba hizo ni hesabu za siku ya kwanza tu.

Kazi yetu ilianza saa moja asubuhi, kabla milango haijafunguliwa. Tulifagia na kupiga deki, kisha tukapanga rafu. Bidhaa ya zamani huvutwa mbele na mpya huwekwa nyuma, ili ile itakayoharibika upesi iuzwe kwanza. Bei iliyobandikwa sharti iwe ndiyo itakayodaiwa kwa keshia. Mteja akitozwa shilingi mia mbili zaidi ya alizosoma, hatakumbuka tena jinsi sakafu ilivyong'aa. Majokofu nayo yalikaguliwa kila asubuhi, maana umeme ukikatika usiku, maziwa hayamngoji mtu.

Wahenga walisema biashara haigombi. Siku moja mzee mmoja alirudisha pasi iliyokataa kupata moto, na kijana wetu akaanza kumhoji kama mshtakiwa. Msimamizi akaja, akamwambia, "Shikamoo mzee, karibu ukae." Akaijaribu pasi mbele yake, akatazama risiti, akambadilishia. Tangu siku hiyo mzee yule alikuja na wanawe kila mwisho wa mwezi.

Lakini ulifika wakati ambapo waliotuletea bidhaa hawakulipwa, nao wakaacha kuleta. Tukaamriwa kutandaza sabuni ya aina moja katika rafu nzima ili mapengo yasionekane. Wateja waliyaona. Walipita, wakatazama, wakatoka mikono mitupu, hata duka likafungwa nasi tukarudi nyumbani.

Mambo hayo yamewakuta hata wakubwa. Uchumi, kampuni ya Kenya, ilifunga maduka yake yote ya Uganda na Tanzania mwezi Oktoba 2015. Nakumatt nayo ilifunga ya kwake hapa Uganda mwaka 2017. Zote mbili zililemewa na madeni, yakiwamo ya wale waliozipa bidhaa.

Wazee wetu wanakumbuka pia mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Maduka yao yaligawiwa watu wengine, wakiwamo wanajeshi. Wengi wa waliopewa waliuza vilivyokuwamo bila kuagiza vingine, na rafu zikabaki tupu. Bidhaa ziligawiwa, lakini ujuzi wa kulitunza duka haukugawika.

Kwa hiyo nimemwomba mume wangu kwamba kiinua mgongo kisiishie chote katika bidhaa za kwanza. Fungu moja liwekwe kwa kuagizia mara ya pili na ya tatu. Daftari la duka litengwe na la chakula cha nyumbani, na mtoto akitaka biskuti, iandikwe. Atakayesimama dukani awe mwenye kujua kusalimu, si ndugu aliyekosa kazi kwingine.

Askari anajua ukaguzi wa gwaride: kifungo kilicholegea hakifichiki. Duka nalo hukaguliwa kila siku, ila mkaguzi wake hatoi karipio. Hwenda zake duka la jirani. Mume wangu amesikia, naye amesema atafikiri. Nasi tunaendelea kuzungumza, kwa kuwa fedha hizo za miaka mingi ya utumishi hazitalipwa mara ya pili.