Wosia kwa vijana wa garaji: ulizeni kwanza ni 80 ya nani

Bukavu

Wanangu,

Magoti yangu hayataki tena kulala chini ya gari, na mwezi ujao narudi Walungu kukaa na ndugu zangu. Zana nimewaachieni zote. Sina la kuwausia kuhusu breki wala injekta, mnazijua kuliko mimi. Ninalowausia ni kazi moja ambayo naona inaharibiwa kila siku katika mji huu: gari linalotetemeka likikimbia, baada ya kubadilishiwa meno ya ponti ya nyuma.

Kisa mnakijua. Mtu ananunua Land Cruiser iliyochoshwa na kazi za mashirika, anataka ipande Ngomo ikiwa na saruji. Mota yake ni 1HZ, lita 4.2 bila turbo, na mlima ule hauna huruma. Anaambiwa atafute ponti ya 4.3 aweke mahali pa 3.9. Anapata ya okazyo kutoka Kampala, mnaifunga, gari linapanda vizuri. Siku chache baadaye amerudi: “Papa, ikifika 80 kiti kinatetemeka.” Na fundi wa kwanza anayemsikia, hata hajainama kutazama, anasema ponti ni mbovu, ifunguliwe.

Kabla ya kushika ufunguo wowote, mwulizeni mteja: 80 ya nani? Ya saa ya dashibodi au ya GPS ya simu?

Swali hilo si mchezo. Kwenye Land Cruiser za kizamani, waya wa saa ya mwendo unatoka nyuma ya bwati ya gia, kwa hiyo saa inahesabu mizunguko ya kardani, haijui chochote kuhusu magurudumu. Ponti ya 3.9 ina kurona, ile gia kubwa, ya meno 43 na pinioni, ile ndogo, ya meno 11. Ile ya 4.3 ina kurona ya meno 43 yaleyale na pinioni ya meno 10. Jino moja tu limepungua, na kardani sasa inazunguka asilimia 10 zaidi kwa kila kilomita. Saa inaposema 80, gari liko kama 73. Fuateni hoja hii polepole: ikiwa mtetemo unakuja kwenye 80 ya saa, na kabla ya kubadilisha ponti haukuwapo kwenye 80 hiyohiyo ya saa, basi kardani inazunguka kasi ileile ya zamani. Kitu kimebadilishwa na mkono wa fundi. Labda flanji imepinda, labda kardani imefungwa vibaya, labda pembe zimehama.

Ikiwa ni 80 ya simu, mambo mengine. Mpira wa 235/85 R16 una mzingo wa karibu mita 2.5. Kwenye 80 ya kweli gurudumu linazunguka kama mara 533 kwa dakika. Kwa 3.9 kardani ilizunguka karibu mara 2,080, kwa 4.3 inakaribia 2,290. Na nguvu inayovuta kardani isiyo na uzito sawa pande zote hukua kwa mraba wa mizunguko: asilimia 10 ya mwendo inazaa asilimia 21 ya nguvu. Kwa ponti ya zamani, kasi hiyo ya kardani ingefikiwa kwenye 88. Nani amewahi kwenda 88 kati ya hapa na Kavumu? Kasoro inaweza kuwa ilikuwamo tangu gari liko kwa wazungu wa mashirika, na hakuna aliyeifikia.

Ninyi mliotoka shule ya Fundi Maendeleo mna hesabu, na mliotoka mtaani mna masikio. Hapa vyote viwili vinatakiwa. Gurudumu lenye kasoro linapiga kama mara 9 kwa sekunde, unaweza karibu kulihesabu. Kardani yenye kasoro ya uzito inapiga mara 38, ni mvumo unaoingia kwenye nyayo. Misalaba yenye pembe mbaya inapiga mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo sauti yake iko juu zaidi, kama mlio wa kulalamika.

Sasa kazi. Osheni chini ya gari kwanza. Udongo wetu mwekundu ukikauka ndani ya jante unaweza kuwapoteza siku nzima. Tafuteni barabara iliyonyooka; uwanda wa Ruzizi ng’ambo ya Kamanyola ni mzuri, njia ikiwa salama. Fikeni mwendo wa mtetemo, tieni nyutro. Ukibaki, mota na kilachi hazimo. Kisha kanyageni na kuachia mafuta. Mtetemo unaobadilika kwa mguu unaelekeza kwenye pembe au kwenye beringi za pinioni. Usiobadilika unaelekeza kwenye uzito wa kardani au magurudumu.

Bado mna shaka? Tieni mawe chini ya magurudumu, fungueni kardani ya nyuma yote, fungeni habu za mbele, tieni 4x4, mwende kwa ekseli ya mbele peke yake. Mtetemo ukitoweka, kosa liko kwenye kardani au kwenye pinioni ya nyuma. Jaribio hili halina gharama, na sijui kwa nini wengi wanaona uvivu kulifanya.

Kardani ikishakuwa mezani, tazameni kama bomba lina alama ya jiwe, kama kipande cha uzito kilichochomelewa kimeng’oka, kama misalaba ina ulegevu. Angalieni sana sehemu inayoteleza. Fundi aliyeitenganisha bila kutia alama ya chaki anaweza kuirudisha jino moja pembeni, na uma mbili za kardani zikaacha kutazamana. Hapo hakuna kusawazisha kutakakosaidia. Flanji ya pinioni ipimeni kwa dayali, halafu jaribuni kugeuza kardani nusu mzunguko juu yake. Mara nyingi inatosha.

Pembe zipimeni gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Wateja wetu wanaongeza majani ya springi, mwili unainuka, na gari tupu linawaonyesha kitu ambacho barabara haitakiona. Flanji ya bwati na ya pinioni zinapaswa kuwa sambamba, tofauti isizidi nyuzi 1, na kila msalaba ufanye kazi chini ya nyuzi 3 ikiwezekana. Kabari za chuma chini ya springi ndizo dawa.

Uzito wa kardani, kama hakuna mashine, unasawazishwa kwa klipu mbili za kukazia bomba la maji: kaza, jaribu barabarani, sogeza robo mzunguko, jaribu tena. Msifanye hivyo gari likiwa juu ya jeki. Ninawakataza.

Ponti ifunguliwe mwisho, na ikifunguliwa, nafasi kati ya meno ipimwe kwa dayali: kwenye ponti nyingi za Toyota ni kati ya milimita 0.13 na 0.18, ila kitabu cha gari lenyewe ndicho mwamuzi.

Mteja akibadilisha ya nyuma tu na kuacha 3.9 mbele, asiguse 4x4 kabisa ponti mbili hizo zikiwa zimefungwa. Akikataa kulipia ya mbele, mwambieni mbele ya shahidi, muandike kwenye risiti.

Daftari langu lipo juu ya kabati la vilainishi. Kila ponti mtakayoifunga, andikeni humo meno ya kurona, meno ya pinioni, ukubwa wa mipira, na pembe mlizopima. Gari likirudi, lifungueni daftari kabla ya ponti.