Saa ya kompyuta ikipotea, kinga isizimwe

BUKAVU – Huko Kadutu, mama mmoja aliyehama vijiji vyake kwa sababu ya vita alikuwa anangojea barua pepe ya mtoto wake aliyekimbilia Uganda. Kompyuta ya nyumbani ikakataa kuifungua. Kijana wa jirani akamwambia: «Mama, ni kinga ya mtandao inazuia. Tuizime.» Ikazimwa, lakini barua haikufunguka.

Kosa lilikuwa kwenye saa. Betri ndogo ya mviringo ndani ya kompyuta ilikuwa imekufa, na kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka mingi. Kurasa za intaneti zina cheti cha usalama chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani iko mwaka 2009 inakiona cheti cha leo kama hakijaanza.

Dawa ni kurekebisha tarehe kwa mkono, kuchagua majira ya Lubumbashi, yanayotangulia Kinshasa kwa saa 1, kuiacha kompyuta ijilinganishe na saa ya intaneti, kisha kununua betri mpya. Na kinga iwashwe tena: ndiyo mlinzi wa mlango, anayezuia wasioalikwa wasifikie picha na vyeti ambavyo familia iliviokoa.