Kilichobaki Cheusi

Picha ninayoiandikia tasnifu ya uzamili inaitwa La Manifestation. Félix Vallotton, Mswisi kutoka Lausanne aliyehamia Paris akiwa na miaka 16, aliichonga kwenye ubao mwaka 1893. Umati unakimbia. Tunautazama kutoka juu, kana kwamba tumesimama kwenye dirisha la ghorofani. Wengi wamekwisha kufika upande wa juu wa karatasi. Huku chini imebaki barabara tupu, nyeupe, na wachache waliochelewa. Anayewakimbiza haonekani.

Mwaka uleule alichonga La Charge. Humo polisi wanaonekana. Wanapiga watu, na wengine wamelala chini. Hakuna rangi ya kijivu wala kivuli: ni nyeusi au nyeupe, basi. Paris ya miaka ile ilikuwa na hofu ya mabomu ya waanakisti na kamatakamata, na Vallotton hakumwonea mtu haya. Januari 1898, siku kumi tu baada ya Zola kuchapisha barua yake ya kumtetea Dreyfus, alichora kwa ajili ya jarida la Le Cri de Paris wanaume waliojificha nyuma ya magazeti yao. Aliwasuta polisi, akawasuta na wasomaji.

Katika sura ya pili ya tasnifu niliandika kwamba picha hizi zinamkemea mwenye kirungu. Msimamizi wangu aliandika pembeni kwa penseli: “Na wanaokimbia je?” Karatasi ile nilikaa nayo wiki mbili bila kuigusa.

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza, tuliandamana kudai fedha za kujikimu zilizochelewa. Nilikwenda na rafiki yangu tuliyelala chumba kimoja. Mabomu ya machozi yalipoanza kulia, miwani yake ilianguka, akainama kuipapasa. Aliniita kwa jina. Nilimsikia. Nikakimbia.

Usiku alirudi amefungwa bendeji mkononi. Nilimwambia nilidhani yuko nyuma yangu. Akasema, “Usijali, kaka,” akalala akiwa ameupa mgongo upande wangu. Hatukulizungumza tena.

Mwaka jana, ili nielewe kazi ya Vallotton, niliomba kipande cha mbao laini kwa fundi seremala wa mtaani nikajaribu kuchonga. Kazi yenyewe ni ya kinyume. Picha hutoka imegeuka, kulia ikawa kushoto. Unapopitisha patasi ndipo patakapokuwa peupe. Usipogusa ndipo patakaposhika wino. Na ukishakata, umekata. Ubao haurudishiki.

Nilichonga siku ile. Nilichonga askari, moshi, na kijana aliyeinama akitafuta miwani. Kumzunguka nilikwangua kila kitu, abaki peke yake kwenye weupe. Nilipaka wino, nikalaza karatasi, nikaisugua kwa mgongo wa kijiko. Ilitoka vizuri kuliko nilivyotarajia, nikampigia picha kwa simu nikamtumia.

Alijibu baada ya saa nzima. “Hapa umenipata, hata shati nimelikumbuka. Sasa kaka, wewe uko wapi?”

Nilirudi kuutazama ubao. Pale nilipostahili kuwepo, upande wa juu, mgongo wangu ukielekea kwake, nilikuwa nimekwangua mpaka pakawa laini. Nisingeweza kujirudisha. Nilikuwa nimejipa dirisha la ghorofani, mahali ambapo mtu huona yote na hapigwi na lolote.

Nilimwandikia: “Nilikusikia ukiniita.” Niliufuta ujumbe, nikauandika upya, nikautuma.

Alama mbili zikageuka bluu. Hakujibu siku ile wala kesho yake. Siku ya tatu nilikwenda kwa yule fundi kuomba kipande kingine cha mbao. Aliniuliza kama kile cha kwanza kilikuwa kibovu. Nikamwambia hapana, kosa lilikuwa langu.

Nimeanzia juu. Wa kwanza ni mtu anayekimbia.