Boksi la Betri Zilizokufa

Nilipohamishiwa Bariadi mwaka 1989, wilaya ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, si Simiyu kama sasa, nilikabidhiwa funguo za chumba chenye kibao cha maabara mlangoni. Ndani mlikuwa na meza mbili, bomba lisilotoa maji na chupa chache ambazo lebo zake zilikwisha kuliwa na mende. Kwa chumba hicho nilitakiwa nifundishe metali na zisizo metali.

Wanafunzi walijua kukariri. Ukiuliza sifa za metali, darasa zima liliimba kwa Kiingereza: zinang'aa, zinapitisha umeme na joto, zinafulika, zinavutika kuwa nyaya. Zisizo metali zikawa kinyume cha hayo yote. Ukimpa mmoja wao msumari na kipande cha mkaa umuulize ipi ni ipi na kwa nini, anakutazama tu.

Enzi hizo redio ilikuwa roho ya nyumba ya Msukuma, na redio ilikula betri. Niliwaambia waniletee zilizokufa. Katika wiki mbili boksi lilijaa, na hilo ndilo lililokuwa maabara yangu kwa miaka mingi. Betri ya redio ni hazina. Ukiipasua kwa bisibisi na nyundo, kopo lake ni zinki, na katikati kuna kijiti cheusi cha kaboni kilichozungukwa na unga mweusi wa dayoksidi ya manganizi. Zinki niliikwangua, nikaitia katika asidi ya betri ya gari iliyozimuliwa, niliyoinunua kwa mafundi wa magari. Mapovu yakapanda. Ukisogeza njiti ya kiberiti inayowaka kwenye mdomo wa chupa, hidrojeni inalia "pa!" na darasa linaruka.

Lakini somo lenyewe lilikuwa kwenye kile kijiti. Nilikiunganisha kwa waya na betri nzima na balbu ya tochi. Balbu ikawaka. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hakuwa na desturi ya kusema, akasimama: "Mwalimu, si kaboni ni isiyo metali? Mbona inapitisha umeme?"

Nilifurahi siku ile kuliko siku ya mshahara. Nikawachorea ubaoni. Katika grafati, yaani kaboni ya kijiti kile, atomu moja ya kaboni hushikana na wenzake watatu, na elektroni yake ya nne hubaki huru kutembea. Hiyo ndiyo inayobeba umeme. Katika almasi atomu hushikana na wanne, hakuna elektroni iliyobaki huru. Na almasi hawakuhitaji kusimuliwa kutoka mbali: Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ni jirani zetu. Kwamba jiwe la Mwadui na kijiti cha betri ni kitu kimoja kilichopangwa namna mbili, hilo hawakulisahau. Nimekutana na watu wazima wenye wajukuu, bado wananisimulia.

Kuanzia hapo sokoni pakawa darasa. Kwa mafundi wa mabati tuliona kwamba bati la nyumba ni chuma kilichopakwa zinki, na kwamba hata likikwaruzwa halishiki kutu upesi, kwa sababu zinki huwahi kuliwa kabla ya chuma. Jikoni waliulizwa mama zao kwa nini mlenda wa magadi hufanya sufuria ya alumini kuwa nyeusi. Alumini huliwa na asidi na huliwa na magadi pia, jambo ambalo chuma hakina. Waliotoka Meatu, wenye madoa ya kahawia kwenye meno, walielewa kwamba floraidi ya kisimani si maneno ya kitabuni.

Sasa nifike kwenye zebaki, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Miaka ya mwanzo nilipata kipimajoto kikubwa kilichovunjika. Nikakamua zebaki yake na kuimwaga viganjani mwa wanafunzi, mmoja baada ya mwingine. Metali iliyo maji! Ujazo wa kijiko kimoja ni mzito mara 13.6 kuliko maji ya kijiko hicho hicho. Waliicheza, ikagawanyika na kuungana tena. Nilifundishwa hivyo, nami nikafundisha hivyo.

Miaka zaidi ya 20 baadaye nilikwenda kwenye machimbo madogo ya dhahabu hapa hapa Bariadi kumwona ndugu. Kijana mmoja, sasa baba wa watoto, aliacha karai lake akanijia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Mkono wake ulikuwa ndani ya tope lenye zebaki hadi kwenye kiwiko. Zebaki huimeza dhahabu iliyo kwenye unga wa mawe. Wachimbaji huikamua kwenye kitambaa, kisha huchoma donge motoni ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki. Nikamuuliza anachomea wapi. Akasema jikoni kwake, usiku, kwa kuogopa wezi. Nikamwambia ni sumu. Akacheka kwa heshima: "Mwalimu, si wewe ulitumwagia viganjani?"

Sikuwa na jibu pale. Nilirudi kesho yake nikiwa nalo, nikaketi naye chini ya mti. Ile ya maji hupenya ngozi kidogo. Iliyo hatari kubwa ni mvuke, nao huanza kutoka hata bila moto. Motoni hutoka wote. Mvuke huo huingia mapafuni, ukafika kwenye ubongo na figo, na mtoto aliye tumboni haukwepi. Unaobaki huangukia paa, vyombo na udongo, na mvua huupeleka mitoni. Alinisikiliza. Jiko alilihamisha.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020, lakini mkataba haufiki jikoni usiku. Mwalimu anafika. Walimu wenzangu wa kemia wa Simiyu, mkifika kwenye zebaki, acheni chupa imefungwa. Fundisheni mvuke kwanza, kwa Kiswahili, na pale panapobidi kwa Kisukuma. Nanyi mnaochoma dhahabu, chomeeni mbali na nyumba, kwa chombo kinachonasa mvuke, na msimruhusu mjamzito wala mtoto kusogea.