Jasusi Anapokaidi Amri: Filamu za James Bond Zilizopuuzwa

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii tunaikariri tangu shule ya msingi, na katika uhakiki wa kazi za sanaa huwa tunaichukua kana kwamba ni sheria: kazi iliyo bora itapata hadhira yake, na iliyokosa kusifiwa bila shaka ina ila. Nia yangu katika insha hii ni kuitilia shaka imani hiyo kwa mfano ambao huenda msomaji hakuutarajia katika jarida la Kiswahili, yaani filamu za jasusi wa Kiingereza, James Bond. Nimezishabikia filamu hizi kwa miaka mingi, na kadiri ninavyozitazama ndivyo ninavyozidi kushawishika kwamba baadhi ya zile zilizobezwa ndizo zenye jambo la maana zaidi la kusema kuhusu binadamu.

Bond alibuniwa na Ian Fleming katika riwaya ya Casino Royale iliyochapishwa mwaka wa 1953. Filamu ya kwanza ya mfululizo tunaoujua, Dr. No, ilitoka mwaka wa 1962, na kufikia No Time to Die ya mwaka wa 2021 kampuni ya Eon ilikuwa imetoa filamu 25. Mfululizo wenye umri huo haukosi kaida zake. Mtazamaji huketi akijua kwamba jasusi ataitwa ofisini na mkubwa wake, M, atapewa kazi pamoja na vifaa vya ajabu, atasafiri nchi za mbali, atawapumbaza wanawake, atalibomoa pango la adui na kutoa mzaha huku maiti ikiwa bado ina joto. Goldfinger ya mwaka wa 1964 ndiyo iliyozikomaza kaida hizo. Tangu hapo, swali ambalo wengi huuliza kila filamu mpya inapotoka ni iwapo inafanana na Goldfinger. Wachache mno huuliza iwapo filamu hiyo imelitimiza lile ilililokusudia.

Msomaji wa Kenya ana sababu za kumtazama Bond kwa jicho la tahadhari. Mwaka huo wa 1953 alipozaliwa kitabuni, nchi yetu ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni mnamo Oktoba 1952. Jasusi huyu ni mtumishi wa dola ile ile. Anapoua kwa amri na sisi tukashangilia, yafaa tujiulize tunamshangilia nani. Ndiyo maana filamu nne ninazozitetea hapa, yaani On Her Majesty's Secret Service (1969), The Living Daylights (1987), Licence to Kill (1989) na Quantum of Solace (2008), zinanivutia kwa namna ya pekee. Katika kila mojawapo mtumishi anakaidi amri ya bwana wake, na ukaidi huo ndio unaomfanya awe mtu.

Tuanze na ile ya mwaka wa 1969. Sean Connery alikuwa ameigiza filamu tano mfululizo kisha akang'atuka. Nafasi yake ikapewa George Lazenby, mwanamitindo kutoka Australia ambaye hakuwa na tajriba ya uigizaji wa filamu. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda, lakini hadhira ya wakati ule haikuuona unyemi wowote. Filamu ilipata fedha chache kuliko iliyoitangulia, Lazenby hakuigiza Bond tena, na mwaka wa 1971 Connery akarejeshwa katika Diamonds Are Forever.

Hata hivyo, hebu tuitazame filamu yenyewe. Bond anakutana na Tracy, mwanamke aliyekata tamaa ya kuishi, akijitosa baharini katika ufuo wa Ureno, naye anamtoa majini. Baadaye jasusi anatoroka kutoka ngome ya Blofeld iliyo kileleni mwa milima ya Uswisi. Amechoka, anasakwa, na anajificha katikati ya umati wa watu wanaosherehekea Krismasi. Anaketi kando ya uwanja wa barafu, ameinua ukosi wa koti, na hofu imemjaa usoni. Katika filamu zilizotangulia hatukuwa tumemwona Bond akiogopa kiasi hicho. Ndipo Tracy anapomjia akiteleza juu ya barafu, naye ndiye anayemwokoa kwa gari lake. Aliyeokolewa baharini amekuwa mwokozi. Mwongozaji Peter Hunt, aliyekuwa mhariri wa filamu za awali, anaijenga taharuki hiyo kwa nyuso za watu na kelele za sherehe pasi na kifaa chochote cha ajabu.

Tracy anapotekwa nyara, M anakataa kumwokoa kwa kuwa Umoja wa Mataifa umeamua kuyakubali masharti ya Blofeld. Bond anaipuuza kauli hiyo, anamwendea baba yake Tracy, ambaye ni mkuu wa genge la wahalifu, na wawili hao wanaivamia ngome. Kinaya hicho ni kizito: serikali inamwacha mwanamke afe kwa ajili ya utaratibu, naye mhalifu anamtetea kwa sababu ni mwanawe. Kisha inafuata arusi, na muda mfupi baada ya arusi risasi inamuua Tracy ndani ya gari lililopambwa maua. Bond anampakata na kumwambia askari kwamba mkewe anapumzika tu. Picha ya mwisho ni tundu la risasi kwenye kioo cha gari. Hakuna mzaha wala ushindi. Hadhira iliyozoea kutoka ukumbini ikitabasamu ilipewa tanzia, na nadhani hilo liliitatiza zaidi ya ugeni wa Lazenby.

The Living Daylights inalishughulikia suala la amri waziwazi zaidi. Timothy Dalton, mwigizaji wa jukwaani aliyevirejelea vitabu vya Fleming ili kumwelewa mhusika wake, anatumwa Bratislava kumlinda jenerali wa Kisovieti anayejifanya kukimbilia Magharibi. Ameagizwa amuue yeyote atakayejaribu kumpiga jenerali risasi. Katika dirisha la mkabala anamwona mwanamke mwenye bunduki, na mara moja anatambua kwamba yule si muuaji wa kazi. Ni mpigaji wa selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa ameketi, ambaye alikuwa jukwaani dakika chache tu zilizopita. Bond anailenga bunduki yake badala ya kumlenga yeye. Mwenzake anapotisha kumshtaki, anajibu kwamba akifutwa kazi atashukuru. Baadaye anaagizwa amuue jenerali mwingine, Pushkin. Anamhoji, anaupima ushahidi, kisha anamwacha hai. Hadithi nzima imejengwa juu ya mauaji mawili ambayo hayakutokea, na ukweli unafichuka kwa sababu mtu aliyepewa leseni ya kuua aliamua kufikiri kwanza. Sikatai kwamba filamu inawachora wapiganaji wa Afghanistan kwa rangi za kimapenzi mno, lakini kiini chake ni thabiti.

Miaka miwili baadaye ilitoka Licence to Kill, ambayo kwangu ndiyo iliyodhulumiwa kuliko zote. Rafiki wa Bond, Felix Leiter, analishwa papa na kupoteza mguu, na mkewe Leiter anauawa usiku wa arusi. Aliyetenda hayo ni Franz Sanchez, mlanguzi wa dawa za kulevya. M anamtaka Bond asahau na aende Istanbul. Bond anakataa, naye ananyang'anywa leseni. Kuanzia hapo hana serikali nyuma yake, na kisasi chake si cha bunduki pekee. Sanchez anauthamini uaminifu kuliko fedha, basi Bond anajipenyeza katika himaya yake na kupanda mbegu za shaka. Anaficha fedha za Sanchez katika meli ya mshirika wake Krest, na Sanchez anapozikuta anamuua Krest kwa mkono wake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako: genge zima linasambaratishwa na fitina. Hata kiberiti cha gesi ambacho Leiter na mkewe wanamzawadia Bond mwanzoni ndicho kinachomteketeza Sanchez mwishoni. Msuko wa namna hii tungeusifu katika tamthilia yoyote darasani.

Watazamaji wengi waliona ukatili uliopindukia. Filamu ilitoka msimu mmoja na Batman na Indiana Jones and the Last Crusade, na nchini Marekani iliambulia dola milioni 34 na ushei. Kisha migogoro ya kisheria ikausimamisha mfululizo hadi mwaka wa 1995, na Dalton hakurudi tena.

Quantum of Solace nitaigusa kwa ufupi. Ina dakika 106 tu, iliandaliwa wakati wa mgomo wa waandishi wa Hollywood, na mapigano yake yamekatwakatwa hadi jicho linachoka. Kasoro hizo ni za kweli. Lakini adui wake haitishi dunia kwa bomu. Anayahodhi maji ya Bolivia kwa kuyazuia chini ya ardhi, na tunawaona wanakijiji wakiwa na vyombo mbele ya bomba lililokauka. Hili halikutoka hewani: mwaka wa 2000 wakazi wa Cochabamba, nchini humo humo, waliandamana hadi mkataba wa kubinafsisha maji yao ukavunjwa. Katika filamu, Marekani na Uingereza ziko tayari kufanya biashara na mwizi huyo, na Bond anazuiwa na serikali yake mwenyewe. Anaendelea pasi na idhini. Kwa watu wanaojua kupanga foleni ya mitungi, huyu ni adui anayefahamika kuliko yule wa kuroga dhahabu ya Marekani kwa mionzi.

Hukumu za hadhira hubadilika. Filamu ya mwaka wa 1969 leo inatajwa na wengi miongoni mwa zilizo bora, na No Time to Die iliurejesha wimbo wake ulioimbwa na Louis Armstrong. Filamu yenyewe haikubadilika hata picha moja. Kilichobadilika ni kipimo tu.

Hapa ndipo suala hili linapotugusa sisi wanafunzi wa fasihi. Tuna jasusi wetu, Willy Gamba wa Elvis Musiba, ambaye riwaya ya Kufa na Kupona ilimleta kwa wasomaji mwaka wa 1974. Tumezoea kumtia katika kapu liitwalo fasihi pendwa na kulifunga kapu. Katika tasnifu nyingi neno "pendwa" hutumika kama hukumu, ilhali ni jina la utanzu tu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mhakiki anayeikataa kazi kwa sababu imo kapuni, na yule anayeikataa kwa sababu haifanani na wenzake wa kapuni, wote wawili hawajaisoma. Bond wa Bratislava alikuwa na amri mkononi, na kabla ya kufyatua alimwangalia aliyekuwa dirishani. Uhakiki wa haki haudai zaidi ya hapo.