Pasipoti inakufa kabla ya tarehe yake

Julai 2019, baridi ya Mufindi ikiwa imekaza, tulipata barua kutoka hospitali moja ya India: mama yangu angepokelewa kwa upasuaji wa moyo. Ndugu na majirani hapa Igowole walichanga. Wasio na fedha walileta viazi tuviuze. Mimi, binti mkubwa niliyemuuguza miaka yote, ndiye niliyetakiwa kumsindikiza.

Pasipoti yangu niliichukua Novemba 2009, hivyo ilikuwa inaisha Novemba 2019. Nikajisemea, imebaki miezi minne, nasi tunakwenda wiki sita tu. Nikaitia kwenye mkoba.

Kijana wa steshenari pale Mafinga, alipokuwa akitujazia maombi ya viza, ndiye aliyenigutusha.

"Shangazi, hii haitakubalika. India wanataka iwe na miezi sita mbele, kuhesabu tangu siku unayofika. Na kurasa mbili tupu."

Zilikuwa zimebaki siku 11. Nilikimbilia Iringa kuomba mpya, lakini jina langu kwenye kitambulisho cha taifa halikufanana na la cheti cha kuzaliwa. Ikabidi nianze kwanza kusahihisha, na siku zikaisha.

Akaenda mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na pasipoti mpya ya kielektroniki. Ni kijana mwema, ila nani amwogeshe mama? Mwanaume hamwogeshi mama yake. Baada ya upasuaji, mama mmoja wa Tanga aliyekuwa akimuuguza mumewe wodi ya jirani ndiye aliyemsitiri. Mama alinipigia akauliza, "Mwanangu, mbona hukuja?" Sikuwa na jibu zaidi ya tarehe.

Mama alirudi salama, akaishi miaka miwili zaidi. Swali lake bado ninalo.

Ndiyo maana nawaambia wasomaji: tarehe ya mwisho kwenye pasipoti siyo siku ya mwisho ya kusafiri. Nchi nyingi, China ikiwemo, hutaka miezi sita ya akiba. Nchi za Ulaya za eneo la Schengen hutaka miezi mitatu baada ya siku unayopanga kuondoka kwao, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10. Shirika la ndege nalo hukagua, maana ukikataliwa huko, ni juu yao kukurudisha.

Viza nayo ina hesabu mbili: muda wa kuitumia kuingia, na siku unazoruhusiwa kukaa. Usizichanganye. Kwa mgonjwa anayekwenda India, wasindikizaji wawili huweza kuombewa viza. Sisi tuliandaa mmoja tu. Tungeandaa wawili, mama asingesitiriwa na mgeni.

Pasipoti zetu za kielektroniki zilizinduliwa Januari 2018 na hudumu miaka 10. Kwa hiyo iliyotolewa Machi 2018 itaandikwa Machi 2028, lakini kwa safari ya India mwisho wake ni Septemba 2027. Wengi watashtuka wakiwa na mgonjwa mkononi.

Leo jioni fungua kabati, uitazame ya kwako na ya mwenzio. Linganisha na majina kwenye kitambulisho na cheti cha kuzaliwa. Kama kuna herufi iliyopotea, isahihishe sasa, wakati nyumbani hakuna anayeumwa.