Nimevunja Amana ya Mjomba

Mjomba wangu aliniachia amana, nami nikaivunja, kisha nikamficha jambo hilo kwa muda mrefu. Alipohama Tanga kwenda kuishi kwa binti yake huko bara, alinikabidhi katoni ya magazeti yake ya katuni akaniambia nimtunzie. Leo mengi ya magazeti hayo hayafunguki, na mengine yanasomeka lakini si magazeti tena. Hayakuibwa, hayakuungua, wala hayakuchukuliwa na mafuriko. Niliyaharibu mimi, tena nikiamini kwamba nayaokoa.

Naomba msomaji ajue kwanza ni nini kilichopotea. Ndani ya katoni mlikuwa na matoleo ya Sani ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na ya miaka ya 1980, gazeti la Dar es Salaam lililofanya Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge wajulikane hata na watu ambao hawakuwahi kulinunua. Mlikuwa na michoro ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana. Mlikuwa na nakala chache za Joe, gazeti lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Terry Hirst na Hilary Ng'weno, alizoletewa mjomba na rafiki zake waliokuwa wakivuka Horohoro. Na mlikuwa na vipande vya Juha Kalulu wa Edward Gitau, alivyovikata kwa wembe kutoka kwenye Taifa Leo. Zama zile magazeti kama hayo yalisomwa, yakazungushwa mtaa mzima, kisha yakaishia kufungia karanga. Mjomba aliyaweka. Hakuwa na mkutubi wa kumfundisha wala fedha za kununulia makabati. Aliyapanga tu ndani ya katoni, juu ya rafu ya mbao, katika chumba kinachopitisha upepo, na yakadumu miaka yote hiyo.

Yangeendelea kudumu kama nisingeingiwa na tamaa. Nilisoma kwamba mwaka 2014, huko Marekani, nakala moja ya Action Comics ya 1938, toleo lililomleta Superman, iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 3. Nikaona picha yake: iko ndani ya kasha gumu la plastiki angavu, imefungwa pande zote. Nikaitazama ile katoni kwa jicho jingine. Sikuona tena kumbukumbu za mjomba, niliona mali. Na kutokana na picha ile moja nikajitungia kanuni: karatasi hutunzwa kwa kufungiwa ndani ya plastiki.

Nilianza na selotepu. Kila ukurasa uliochanika niliuunga, na kila mgongo uliolegea niliukaza. Sikujua kwamba gundi ya selotepu haitulii ilipobandikwa. Kadiri muda unavyopita hupenya ndani ya karatasi, hubadilika rangi kuwa ya kahawia, na utepe wenyewe hukauka na kubanduka huku doa likibaki. Palipokuwa na mchaniko mdogo, ambao macho yangeweza kuuvumilia, sasa pana mstari mchafu unaokata nyuso za wahusika.

Kisha nikatenda lililo baya zaidi. Nilichagua matoleo niliyoyaona bora, nikang'oa pini zake, nikatenganisha kurasa, nikazipeleka kwenye duka la stesheneri zikapigwe laminesheni kama tunavyofanya kwa vyeti vya shule. Ziliporudi zilikuwa zinang'aa, na nilijivunia. Lakini laminesheni si kasha. Ndani ya kasha lile la Marekani, gazeti limelala huru; ukilifungua, unalitoa kama lilivyoingia. Laminesheni huyeyusha gundi kwa joto kali na kuishindilia ndani ya nyuzi za karatasi. Karatasi na plastiki huwa kitu kimoja, na hakuna namna ya kuvitenganisha bila kuiharibu karatasi.

Wala plastiki ile haikuzuia uzee. Karatasi ya magazeti hutengenezwa kwa mti uliosagwa bila kuondolewa lignini yake. Lignini ikikutana na mwanga na hewa, karatasi hugeuka manjano, na asidi iliyomo ndani hukatakata nyuzi hadi ukurasa unavunjika ukikunjwa. Adui huyo yumo ndani ya karatasi yenyewe. Mimi nilimfungia humo humo.

Yaliyosalia niliyatia kwenye mifuko laini ya plastiki, ile yenye harufu kali ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa PVC. Mifuko hiyo hutoa kemikali zinazodhuru karatasi na hunata kwenye wino. Nikaipanga ndani ya tranka la bati, nikalifunga kwa kufuli, nikalipandisha darini chini ya mabati. Nilidhani nimemaliza kazi. Tanga ni mji wa bahari, na hewa niliyoifungia humo ilikuwa imejaa unyevu. Mchana mabati yalipokuwa yakiwaka, tranka lilipata joto. Usiku lilipopoa, unyevu uligeuka matone ndani yake. Ukungu huanza kustawi unyevu wa hewa unapopita asilimia 65 hivi, nami niliutengenezea nyumba. Nilipolifungua tranka baada ya misimu kadhaa, harufu ilinitangulia. Mifuko ilikuwa imegandana na majalada, pini zimeota kutu na kutoboa kurasa, na vidudu vya rangi ya fedha vilikuwa vimekula kingo.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema. Mjomba alipopiga simu na kuuliza hali ya magazeti yake, nilimjibu kwamba yapo salama. Alirudia swali hilo mara nyingine, nami nikarudia uongo. Uharibifu wa kwanza ulitokana na ujinga. Huu wa pili niliufanya nikiwa na akili zangu zote.

Hatimaye nilimweleza ana kwa ana, alipokuja harusini Tanga. Nilimwamkia, akaitikia, kisha nikamwambia yote na kumwonyesha. Alizigeuza zile kurasa zilizopigwa laminesheni moja baada ya nyingine, akauliza neno moja tu: "Mjomba, mbona hukuniuliza?" Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Nilikuwa na mtu aliyeyatunza magazeti yale tangu yalipotoka mtamboni, na sikumpigia simu hata mara moja kumuuliza aliyatunzaje.

Nilichojifunza nakisema kwa ajili ya wengine, maana mimi nimechelewa. Wanaotunza karatasi kwa kazi wana kanuni inayotangulia nyingine zote: usiifanyie karatasi jambo usiloweza kulitengua. Mifuko inayofaa ni ya poliesta safi, ile inayojulikana kwa jina la Mylar, au ya polipropilini. Gazeti huingia na kutoka bila kubandikwa. Nyuma yake huwekwa kadibodi isiyo na asidi. Magazeti husimamishwa wima, yakiegemeana bila kubanana, ndani ya boksi lisilogusa sakafu wala ukuta wa nje, mbali na jua. Baridi na ukavu wa wastani ndivyo vinavyosaidia zaidi, kwa sababu kasi ya kuoza huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi. Asiye na kiyoyozi wala Mylar achague chumba kinachopitisha hewa, na ayakague magazeti yake mara kwa mara. Palipochanika paachwe palivyo. Apige picha kila ukurasa, ili macho ya watu yatosheke na picha na karatasi ipumzike.

Ukiitazama orodha hiyo, mengi yake mjomba alikuwa akiyafanya kwa rafu yake ya mbao na dirisha lake.

Mjomba amenisamehe, lakini msamaha wake haufungui kurasa zilizogandana. Ninayapiga picha yale yaliyosalia, toleo kwa toleo, na kuzipeleka kwa binti yake ili wajukuu wazione. Ninawatembelea wauza vitabu vya mitumba nikitafuta Sani za miaka ile, na kila ninayoipata ninaiandikia jina la mjomba kwenye karatasi ya pembeni, si juu yake. Na wewe uliye na katoni kama ile, ya baba, ya shangazi au ya jirani aliyekuamini, nakusihi: kabla hujaigusa, muulize mwenyewe angali hai.